Kurasa Thelathini na Tatu

Msiamini kitufe cha kijani. Kinawaka vizuri, kinakuita kama mtu anayekujua, lakini hakijui kuhesabu. Hesabuni nyinyi. Hesabu kurasa kabla ya kubonyeza, hesabu tena, halafu mpe mwenzako naye ahesabu hata kama anakucheka. Hilo ndilo la kwanza ninalowaachia nyinyi mnaokaa sasa kwenye mashine yangu ya fotokopi pale Nyawera, Bukavu. Mkichoka kusoma mnaweza kuishia hapa. Yanayobaki ni habari ya namna nilivyojifunza jambo hilo, na ilinigharimu aibu nyingi.

Mwalimu wetu, Maman Nsimire, ndiye aliyesema niandike. Nilimwambia siwezi. Nilisoma hadi mwaka wa sita wa shule ya msingi tu, na ukurasa mmoja unanichukua siku nzima. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Njo mana utaandika muzuri, Faida. Bale balisoma sana banaandikianaka bo kwa bo. Weye utaandikia batu."

Basi naandika. Leo ni wiki ya tatu.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, maana nina miaka thelathini na mmoja. Lakini nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi miaka kumi na miwili, na daktari amesema kifua changu kimechoshwa na vumbi la wino. Papa Mugisho, mwenye kibanda, alinipa kiti cha plastiki kama zawadi ya kuagana. Miaka kumi na miwili nilimwomba kiti. Amenipa siku ya kuondoka.

Mnajua kibanda chenyewe: upande mmoja wauza kandambili, upande mwingine vijana wa pikipiki wanaoita abiria kutwa. Mimi nilikipenda kwa sababu ya kelele. Mahali penye kelele hakuna anayemshangaa mtu asiyesema. Mteja ananyoosha karatasi, ananyoosha vidole kuonyesha kopi ngapi, nami nafanya. Wiki ya kwanza nilitoa kopi za somo la historia kichwa chini miguu juu, kitabu kizima. Papa Mugisho hakunipigia kelele. Alizikata karatasi zile vipande vipande, akampa mama wa karanga awe anafungia.

"Leo batu ya Nyawera banakula karanga na istwari ya Kongo," alisema. "Kesho uangalie juu iko wapi na chini iko wapi."

Niwaambie mambo ya karatasi, maana mkishika haya mtaishi kwa amani. Bukavu mvua ni nyingi na karatasi inakunywa unyevu kama mtoto anavyokunywa maziwa. Msiweke pakiti juu ya saruji. Wekeni juu ya mbao. Kabla ya kuingiza karatasi kwenye mashine, zishikeni upande mmoja mzipepee, zipumue, la sivyo zitaingia mbili mbili. Mashine ikimeza karatasi vibaya, msivute kwa hasira. Fungueni mlango, mngoje kidogo, mvute kufuata njia ile ile iliyokuwa inakwenda. Nimeona vijana wenye diploma wanavunja mashine kwa kuvuta kinyume.

Na kijitabu kina sheria yake. Karatasi moja ukiikunja katikati inakupa kurasa nne. Karatasi nane, kurasa thelathini na mbili. Karatasi tisa, thelathini na sita. Hakuna kijitabu cha kurasa thelathini na tatu duniani. Lazima upunguze, au uongeze, au ukubali kurasa tupu mwishoni. Mkumbuke hilo, maana humo ndimo nilimoanguka.

Maman Nsimire alikuja kibandani siku ya soko, amebeba flashi kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa anafundisha mwaka wa tatu wa msingi, darasa la watoto zaidi ya hamsini, na kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja, chake yeye.

"Binti, unaweza fanya kitabu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Uko na mudomo?"

Nikatikisa tena. Alicheka hadi vijana wa pikipiki wakageuka.

Ndani ya flashi kulikuwa na hadithi za watoto kwa Kiswahili. Alinieleza kwamba kuna walimu wa nchi mbalimbali wanaoandika hadithi na masomo, wanayaweka kwenye mtandao, na kusema wazi: chukueni, chapeni, tafsirini, badilisheni. Mgeni mmoja alipita baadaye akaziita rasilimali huria za elimu. Papa Mugisho alimsikiliza kwa heshima, na alipoondoka akasema, "Ni bitabu bya ruhusa." Jina hilo ndilo lililobaki Nyawera. Hadi leo mwalimu akitoka Katana au Minova, huko kando ya ziwa, anauliza, "Bitabu bya ruhusa biko?"

Kulikuwa na kundi la simu la watu hao. Maman aliniingiza kwa sababu mimi ndiye niliyechapa. Humo kulikuwa na Mwalimu Rashidi wa Kigoma, aliyeandika hadithi nyingi kuliko wote, mchoraji mmoja wa Bujumbura, na wengine wa huku na kule ambao sijawahi kuwaona hata leo. Walisalimiana asubuhi, wakabishana mchana, wakaombeana wagonjwa wao. Mimi nilisoma tu. Mwaka wa kwanza sikuandika hata neno moja. Mwalimu Rashidi aliwahi kuuliza kama Faida wa Bukavu ni mtu au ni jina la mashine.

Hadithi yake iliyopendwa kwetu ilikuwa ya msichana anayewagawia majirani dagaa, na watoto wanajifunza hesabu ya kugawanya humo humo. Maman alisoma akasema watoto wa ziwa letu hawajui dagaa, wanajua sambaza, samaki wadogo wa Kivu. Akauliza kwenye kundi kama inaruhusiwa kubadilisha samaki.

Mwalimu Rashidi alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mama yangu, badilisha samaki, badilisha mtumbwi, badilisha hata mvua. Ila useme umebadilisha, na mimi uniache mlangoni watu wajue nilikuwepo. Mimi sidai kingine."

Basi dagaa wakawa sambaza. Mchoraji wa Bujumbura akachora sambaza, Maman akasema hao ni wakubwa mno, akachora tena. Siku tatu walishughulikia ukubwa wa samaki. Nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya mashine, na nilijisikia kuwa ndani ya jambo, ingawa hakuna aliyesikia kicheko changu.

Kitabu kilipokuwa tayari, kilikuwa na kurasa thelathini na tatu.

Nilizihesabu mara mbili. Nilijua nikitumia karatasi tisa, kurasa tatu zitabaki tupu mwishoni, na kwa macho yangu ya wakati ule kurasa tupu zilikuwa kazi mbaya, kama nguo yenye kitambaa kinachoning'inia. Nikatafuta ukurasa wa kutoa. Hadithi siwezi kutoa. Picha siwezi. Ukurasa wa pili ulikuwa na maandishi madogo madogo tu, bila picha. Mtu anayesoma polepole huchagua cha kusoma, na herufi ndogo sikuwahi kuzichagua. Nikautoa. Zikabaki thelathini na mbili. Kijitabu kikakunjika vizuri kama shati la Jumapili. Nilijivuna.

Nyinyi mmeshajua ukurasa wa pili ulikuwa na nini. Ulikuwa na majina, na ruhusa.

Vitabu mia moja na ishirini vilikwenda shule moja iliyo juu ya Katana. Siku chache baadaye mwalimu mkuu wa shule ile alimpigia Maman. Inspekta alikuwa amepita, akachukua kitabu, akakigeuza mbele na nyuma, akauliza ni cha nani. Mwalimu mkuu akasema ni cha ruhusa. Inspekta akauliza ruhusa iko wapi. Wakatafuta, hawakuiona. Inspekta akabeba katoni hadi ofisini kwake, akasema kitabu kisicho na mwenyewe ni cha wizi. Kama hataona ruhusa kufikia Ijumaa, vitabu vitarudi Bukavu, na shule zote anazozitembelea hazitapokea tena hata karatasi moja kutoka kwetu.

Siku hiyo hiyo mwalimu wa Katana, ambaye hakujua lolote, aliweka picha za kitabu kwenye kundi ili kushukuru. Mwalimu Rashidi alizitazama. Halafu akaandika, na yeye kwa kawaida haandiki, husema kwa sauti: "Hadithi yangu imefika Bukavu bila mimi. Kama kazi ndiyo hii, mimi nanyamaza."

Kundi lote likanyamaza naye. Asubuhi hakukuwa na salamu. Rashidi alikuwa katikati ya kuandika kitabu cha hesabu cha mwaka wa nne, na Maman alikuwa amewaahidi wazazi wa watoto wake kwamba kinakuja.

Maman alikuja kibandani mbio. Mvua ilikuwa inanyesha mchana ule, na wateja hawakuwepo.

"Faida, ile ukurasa ya majina ilienda wapi?"

Nilitaka kusema mashine iliumeza. Mashine haiwezi kujitetea, na kila siku tunaisingizia. Lakini Maman alikuwa ameshika simu mkononi, na niliona alichoanza kuandika kwenye kundi: kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyesahau, wamsamehe.

Nikamshika mkono.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitosha mu kitabu, juu ikunjike muzuri. Sikuisoma, Maman."

Alikaa juu ya pakiti za karatasi, juu ya mbao zangu. Papa Mugisho akajifanya anafuta kioo cha mashine.

"Sasa nitasema nini kwa Rashidi?" Maman akauliza.

"Usiseme. Nitasema miye."

Papa Mugisho akaacha kufuta. "Yesu Maria. Leo jiwe linaenda kusema."

Nikachukua simu yangu nikaanza kuandika. Hapa mcheke, maana nami nacheka sasa. Kwenye kundi mtu akiandika, wengine wanaona jina lake na neno "anaandika". Mimi naandika polepole, nafuta, naandika tena. Nilitoa neno, nikarudisha neno. Nusu saa nzima watu wa Kigoma, wa Bujumbura na wa kwingine walikaa wanaona "Faida anaandika". Mmoja akaweka alama ya kuuliza. Mwingine akasema labda simu imeharibika. Hapo Mwalimu Rashidi, aliyekuwa amesema ananyamaza, akaandika: "Mwacheni. Tumngoje. Anaandika."

Nilipotuma, ulikuwa ujumbe mfupi kuliko wote: "Ni mimi Faida. Nilitoa ukurasa wa pili ili kitabu kikunjike. Sikuusoma. Maman hana kosa. Nitaurudisha katika vitabu vyote kwa mkono wangu."

Maman alisoma ujumbe kwa sauti ndogo. Mvua ilipiga mabati. Kisha sauti ikafika kutoka Kigoma, na kwanza tulisikia kicheko.

"Faida, mdogo wangu! Nusu saa! Nikajua unatuandikia kitabu kingine! Sikiliza. Nilikasirika kwa sababu nilidhani mmeniiba. Kumbe mmenikunja tu. Sasa nikunjue, dada. Na jamani, kwa hiyo wewe ni mtu kweli?"

Nililia kidogo. Papa Mugisho alinipa kitambaa cha kufutia mashine, nikatoka pale na uso mweusi wa wino.

Kazi ilibaki. Nilichapa ukurasa wa pili kwa herufi zinazosomeka, nusu karatasi kila kimoja, vipande mia moja na ishirini, ili vibandikwe ndani ya jalada. Gundi ya dukani ingekauka njiani, basi Maman alipika uji mzito wa unga wa muhogo, ule ule wa bugali, akauchuja kwenye kitambaa. Shikeni hilo: uwe mwepesi kuliko mnavyodhani, tone la ndimu ndani mende wasiupende, mpake pembeni tu na si katikati, na mweke karatasi kavu kabla ya kufunga jalada, la sivyo kitabu kinajifunga milele.

Alhamisi tulipanda gari la Katana, mimi nikiwa nimepakata ndoo ya gundi. Dereva alidhani ni chakula.

"Maman, ile bugali iko ya nani?"

"Ya bitabu," Maman akamjibu.

"Eee, bitabu bya Bukavu binakula muzuri kupita siye."

Ofisi ya inspekta ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ziwa. Alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti, na upole ule ulinitia hofu zaidi. Katoni yetu ilikuwa chini ya meza, naye ameweka miguu kando kwa uangalifu asiiguse. Maman akaanza kueleza. Inspekta akainua mkono.

"Maman mwalimu, miye nakujua, weye unasemaka muzuri. Nani alikosea?"

"Ni miye, Papa Inspekta," nikasema.

"Basi weye usome."

Nikachukua kipande cha kwanza. Nilikuwa sijasoma kwa sauti mbele ya mtu mzima tangu nilipoacha shule. Nikaweka kidole chini ya neno, kama mtoto. Nikasoma: hadithi imeandikwa na Rashidi, Kigoma. Michoro, na jina la mtu wa Bujumbura. Imebadilishwa kwa watoto wa Ziwa Kivu na Nsimire, Bukavu. Dagaa wamekuwa sambaza. Kila mtu anaruhusiwa kunakili kitabu hiki, kukichapa, kukitafsiri na kukibadilisha, mradi aache majina ya waliokitengeneza na aseme alichobadilisha.

Ilinichukua muda. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho akaniomba nirudie mstari wa mwisho, nikarudia.

"Kila mutu?"

"Ndiyo, papa."

"Hata miye?"

"Hata weye, papa."

"Bila kulomba mutu?"

"Balishakubali, papa. Njo ile karatasi inasema."

Akaangalia ziwa. Kisha akainama, akavuta katoni mwenyewe, akaifungua.

"Bibi yangu anafundisha Minova," alisema. "Batoto yake banasomea ku ubao tu. Munabandika hapa, ama munaenda bandika nje? Hapa meza iko kubwa."

Tulibandika pale, juu ya meza ya serikali. Mimi nilipaka, Maman aliweka, na inspekta alikandamiza kila jalada kwa kiwiko cha koti lake hadi koti likawa jeupe. Kabla ya jioni mia moja na ishirini vilikuwa tayari. Vilikwenda shuleni kesho yake, na nakala kwenye flashi ikaenda Minova mfukoni mwa inspekta, kwa mkewe mwalimu. Tukiwa garini kurudi, Maman alilala begani kwangu na ndoo tupu miguuni. Sikumbuki kama nimewahi kuvuta pumzi vizuri kama katika safari ile.

Tangu siku hiyo tunachapa kitabu kile kwa karatasi tisa. Kurasa thelathini na sita, tatu tupu. Papa Mugisho alinung'unika mwezi mzima kuhusu karatasi za bure. Kisha kitabu kimoja kikarudi kutoka shule ile ya Katana kwa ajili ya kushonwa tena, na zile kurasa tatu hazikuwa tupu. Mtoto mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa ameandika humo, kwa penseli, hadithi ya mbuzi aliyekimbia mvua akaingia ofisini na kula daftari la mwalimu mkuu. Nilicheka peke yangu tena, lakini safari hii nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi, nikaandika: "Someni hii." Ilinichukua dakika mbili tu.

Mwaka mmoja baadaye mbuzi yule alikuwa kitabu. Bujumbura walimchora, Kigoma walimsoma, na huko, kwa kuwa walibadilisha kama ilivyo haki yao, mvua ikawa upepo wa ziwa lao. Sasa kila kijitabu tunakiachia kurasa tupu, na walimu wanazisubiri kuliko hadithi yenyewe.

Kwa hiyo, mtu akiwaambia mpunguze karatasi, msikilizeni, mmpe kiti mkiwa nacho, halafu mwachie watoto nafasi yao.

Jana nilikwenda kibandani kuchukua kiti changu cha plastiki. Mlikuwa mnachapa kitabu cha mbuzi, na mmoja wenu alikuwa anahesabu kwa midomo, kidole kwenye pembe za karatasi. Sikuwasumbua. Nilichukua nakala moja nikafungua ukurasa wa pili, wenye herufi ndogo, zile ambazo zamani sikuzichagua. Kuna jina la mtoto wa Katana. Kuna la mchoraji. Na chini kabisa kuna mstari ambao Mwalimu Rashidi aliuweka bila kuniuliza, na ambao nilichelewa miezi kuuona:

Kurasa zilihesabiwa na Faida, Bukavu.